Muziki Hupigwa Ili Uchezwe: Kwa Mnaoingia Kwenye Bendi

Wadogo zangu, hazipiti wiki nyingi bila kijana kunijia pale tunapofanyia mazoezi, Kinondoni, gitaa mgongoni au stiki za drams mfukoni, na swali lake huwa ni lile lile: "Kaka, nifanyeje nipate bendi?" Humjibu nusunusu kwa sababu wenzangu wameshawasha vyombo na wananisubiri. Leo nina nafasi. Nitawaeleza niliyojifunza katika miaka 22 ya kupiga kinanda jijini Dar es Salaam, kwenye dansi, kwenye hoteli za ufukweni na kwenye harusi nisizoweza kuzihesabu. Na nitaeleza kwa kupitia bendi moja ya Marekani, kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho nilipokuwa na umri wenu.

Bendi yenyewe ilianza na majina ya Kiswahili. Mpiga piano wa jazz Herbie Hancock, mzaliwa wa Chicago, alitoka kwenye kundi la mpuliza tarumbeta Miles Davis mwaka 1968 akaunda kundi lake la watu sita. Wote sita wakajipa majina ya lugha yetu. Yeye akawa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Billy Hart wa drams akawa Jabali. Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye alikuwa pia daktari kwa kusomea, akawa Mganga. Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto, na Bennie Maupin wa saksafoni akaitwa Mwile. Aliyewaingiza kwenye majina hayo ni kijana mpiga ngoma, James Mtume, mtoto wa mpuliza saksafoni Jimmy Heath. Wapenzi wa hip hop mnamjua Mtume hata kama hamjui kwamba mnamjua: wimbo wa bendi yake wa mwaka 1983 ndio uliotumika kujengea "Juicy" ya Notorious B.I.G. mwaka 1994.

Nilipoyaona majina hayo kwa mara ya kwanza, nyuma ya jalada la santuri kwa mzee mmoja Magomeni, nilikwama kwenye la mpiga besi. Mchezaji? Sisi tunajua kwamba muziki haupigwi na mchezaji. Muziki hupigwa. Mpigaji yuko jukwaani, mchezaji yuko sakafuni, na yule mwingine yuko uwanjani na jezi ya Simba au Yanga. Kiingereza kina neno moja kwa wote hao, na bila shaka jina lilipitia huko. Siwacheki hata kidogo. Watu waliokatwa na lugha za mababu zao walinyoosha mkono wakashika ya kwetu, na hilo linanigusa kila ninapolikumbuka. Hasa ukizingatia kwamba mwaka 1969, mwaka mmoja tu kabla kikosi hicho hakijakamilika, hapa Dar es Salaam muziki wa soul wa Wamarekani Weusi ulipigwa marufuku kwenye kumbi. Wao wanakuja kwetu, sisi tunawafungia mlango.

Lakini lile neno limenikaa kichwani miaka yote. Kupiga na kucheza. Bendi ya Hancock iliishi maisha mawili, na tofauti ya maisha hayo mawili ndiyo hiyo.

Maisha ya kwanza yalikuwa ya kupiga. Walitoa albamu tatu: "Mwandishi" mwaka 1971, "Crossings" mwaka 1972, "Sextant" mwaka 1973. Ni muziki mgumu na wenye ujasiri. Kipande cha kwanza cha "Mwandishi", kilichotolewa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, kina mapigo 15 katika kila mzunguko. Jaribu kupiga makofi juu yake uone mikono inavyopotea. Kwenye "Crossings" wakamwita Patrick Gleeson awaandalie sinthesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, Hancock akapenda alichosikia, Gleeson mwenyewe akaingia kundini. Kila mmoja alikuwa fundi na kila usiku ulikuwa tofauti na jana yake. Siku nyingine, Hancock amesimulia mwenyewe, walifika mahali ambapo hakuna aliyejua nani anaongoza, na ilikuwa furaha tupu.

Sasa tazameni upande wa pili. Watu sita, kisha saba. Mitambo ya sinthesaiza ya kubeba kutoka mji hadi mji. Fundi mitambo. Wasikilizaji wachache kuliko viti. Pengo la fedha Hancock aliliziba kwa mapato ya wimbo wake wa zamani, "Watermelon Man", aliourekodi mwaka 1962. Fikirieni hilo: bendi nzima ya mafundi inalishwa na wimbo mmoja wa muuza matikiti. Mwaka 1973 ikamshinda, akaivunja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia mnaoingia halihusu vidole kabisa. Ijueni hesabu ya bendi yenu. Kijana anaingia bendi, anajua solo zote za Sikinde, hajui kirikuu la kubebea vyombo linakodiwa kwa shilingi ngapi. Muulize kiongozi wako kwa adabu: jenereta ni ya ukumbi au yetu? Fundi mitambo analipwa kabla au baada? Kama watu hawakujaa, nani anabeba hasara? Mwaka wangu wa tatu tulipiga kwenye ukumbi mmoja usiku kucha kwa makubaliano ya mdomo. Alfajiri mwenye ukumbi akasema mauzo ya baa yalikuwa mabaya. Tulikuwa tisa, tukagawana nauli za daladala. Mpiga tarumbeta wetu, mtu mzima mwenye watoto wanne, alitembea kwa miguu kutoka Sinza hadi Manzese akiwa amebeba chombo chake kwapani ili ile nauli aifikishe nyumbani. Tangu siku hiyo sipandi jukwaani bila karatasi yenye sahihi, hata kama mwenye shughuli ni mjomba wangu.

Turudi kwa Hancock. Alipovunja bendi ya kwanza hakuenda kutafuta mafundi zaidi. Alikuwa akiupenda muziki wa Sly Stone na James Brown, muziki unaosimama juu ya mdundo, na akakiri kwamba moyoni alitamani kuwa ndani ya muziki wa namna ile. Kutoka bendi ya zamani akabaki na Maupin peke yake. Akamchukua Paul Jackson, mpiga besi wa Oakland. Akamchukua Harvey Mason wa drams na Bill Summers wa ngoma za mkono. Wakarekodi San Francisco, na mwaka 1973 ikatoka "Head Hunters", nyimbo nne tu. Jalada lake lina mtu mwenye kinyago cha Wabaule wa Côte d'Ivoire, ila mdomo wa kinyago ni kipimo cha sauti cha studio. Bendi ikabaki na jina hilo hilo la albamu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, "Chameleon", ndio nilioutumia kujifunza kazi, na kila anayekuja kwangu namwambia akaulale nao mwezi mzima.

Ni wimbo wa zaidi ya dakika 15. Unaanza na besi, noti chache zinazopanda kwa kunyemelea, zinadunda, zinanyamaza, zinarudi. Lakini hiyo si besi ya gitaa. Ni Hancock mwenyewe, anaipiga kwa sinthesaiza ya ARP Odyssey. Sasa jiulize: kama mpiga kinanda amechukua besi, mpiga besi anafanya nini? Paul Jackson hakununa na wala hakuongeza sauti ili wagongane huko chini. Alipanda juu ya shingo ya gitaa lake akaanza kuchokonoa noti fupi fupi, kama gitaa la rithim. Kwa kweli hakuna gitaa la kawaida hata moja kwenye albamu nzima. Nafasi ya gitaa imejazwa na klavineti ya Hancock, kinanda cha umeme chenye mlio mkavu kama wa gitaa, na besi ya Jackson iliyopanda juu. Wengine wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja na kipande chake kidogo, na kwa dakika nyingi sana chini yake zinapokezana sauti mbili tu za msingi. Mbili. Mtu aliyewahi kupiga mapigo 15 kwa Angela Davis sasa anakaa kwenye sauti mbili na anatosheka.

Sikilizeni mara ya kwanza mkifuata drams peke yake. Mara ya pili fuateni klavineti peke yake. Mara ya tatu fuateni mahali ambapo hakuna mtu. Hapo ndipo penye kazi. Kila kimya cha mmoja kina mwenzake aliyekikalia, na hakuna wawili waliokikalia pamoja. Naufananisha na nyumba ya kupanga: chumba kimoja, mpangaji mmoja. Mkiingia wawili chumba kimoja, hata mkiwa ndugu, mtagombana.

Mimi somo hili nilifundishwa kwanza na mzee, ndipo nikalikuta kwenye santuri. Nilikuwa na miaka 21, nimeingia bendi ya dansi ya watu tisa, na nilikuwa na kasi mikononi. Kila nafasi iliyojitokeza niliijaza. Wiki ya pili mzee wetu wa besi alisimamisha mazoezi akanijia taratibu. "Mwanangu, hapa tuko tisa. Wewe unapiga kama uko peke yako." Akaushika mkono wangu wa kushoto akauweka juu ya paja langu. "Huu ukae hapa mwezi mzima. Huko chini nipo mimi." Niliumia, sitaficha. Nilipiga kwa mkono wa kulia peke yake siku thelathini. Ilipofika wiki ya tatu nikaanza kusikia mambo ambayo yalikuwepo siku zote: gitaa la rithim lilikuwa linanijibu, tumba ilikuwa inaniachia pengo, na mimi sikuwahi kuliona kwa sababu nilikuwa nimelifukia.

Baadaye nilipoisikia "Chameleon" nikaelewa kwamba kanuni ya mzee haikuwa mkono wa kushoto unyamaze. Hancock mkono wake uko chini kabisa, na hapo panamfaa. Kanuni ni kwamba kabla hujapiga noti, ujue nani anaishi chumba hicho.

Na msidhani hili ni la Wamarekani. Dansi letu ni mafundi wa jambo hilo tangu zamani. Chukueni wimbo wowote wa Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na iliyoongozwa na marehemu Michael Enoch, tuliyemwita King Enoch. Gitaa la solo linasema, la pili linamjibu, rithim inashona, besi inaruka mapigo kwa makusudi ili tumba ipite. Ukifika kwenye chemko, waimbaji wakanyamaza na watu wakaingia sakafuni, pale ndipo utakaposikia mashine nzima. Wala hakuna hata mmoja anayepiga kipande kigumu. Ukitoa kimoja, vyote vinalegea. Enoch alikuwa anaweza kushika karibu kila chombo, na hilo si bahati tu: anayejua chumba cha kila mpangaji ndiye anayeweza kupanga nyumba.

Ndiyo maana bendi zetu zilikuwa na mitindo. NUTA Jazz na Msondo, Western Jazz na Saboso, Afro 70 na Afrosa, Mlimani Park na Sikinde. Mtindo ulikuwa ni namna bendi ilivyogawana mapigo, na mchezaji wa Kariakoo aliutambua akiwa bado nje ya geti hajakata tiketi. (Na neno "Jazz" kwenye majina yale lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, si jazz ya Hancock. Vijana wengi huchanganyikiwa hapo.) Ukiingia bendi, jambo la kuuliza kwanza ni mtindo, nyimbo zitafuata. Kaa nao wiki mbili bila kuonyesha unachojua.

Wengi wenu mtaingia kwa kuziba nafasi ya mtu aliyeondoka. Ndivyo bendi zinavyoajiri hapa, mtu amechomoka kwenda kwingine, au Dubai, au ameugua. Hili nalo Head Hunters walilipitia mapema. Harvey Mason alikuwa mpigaji wa studio mwenye kazi nyingi Los Angeles, na baada ya albamu ile hakuendelea na bendi. Akaja Mike Clark, ambaye alikuwa amezoeana na Paul Jackson tangu Oakland. Clark hakujaribu kuwa Mason. Mdundo wa Mason ni mpana na umetulia, wa Clark umekatwakatwa, umejaa vipigo vidogo vinavyokwepa mahali unapovitarajia. Isikilizeni "Actual Proof" kwenye albamu ya "Thrust" ya mwaka 1974, muone Clark na Jackson wanavyofukuzana bila kupotezana. Bendi ilibadilika, na ilibaki Head Hunters.

Ukiziba nafasi ya mtu, zijue sehemu zake zote, noti kwa noti, maana wenzako wamezizoea na wanaegemea juu yake. Zipige hivyo mpaka wasiwe na wasiwasi nawe. Ukishaaminiwa, weka mkono wako. Nimeona vijana wawili wenye vipaji vikubwa kuliko mimi wakiondolewa kwa sababu walianza na la pili.

Sasa haki. Nitasema kwa urefu kwa sababu hapa ndipo tunapoumia zaidi.

"Watermelon Man" Hancock aliitunga akikumbuka muuza matikiti wa utotoni mwake Chicago, gari la farasi likigonga juu ya mawe ya barabarani, wanawake wakimwita kutoka madirishani. Ni wimbo wa mtaani kabisa. Ungeweza kutungwa hapa na mtu aliyekua akimsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe jioni. Alipokuwa anakwenda kuurekodi, mkubwa wake Donald Byrd, mpuliza tarumbeta aliyemlea kikazi, alimwambia: fungua kampuni yako ya kumiliki nyimbo, na wakitaka nusu ya haki, kataa. Alikuwa na miaka 22 tu, albamu ya kwanza, anaogopa kuikosa nafasi. Akakataa. Wakakubali. Mwaka uliofuata mpiga ngoma Mongo Santamaría akaurudia wimbo ule ukavuma nchi nzima, na fedha zikaja kwa mwenyewe. Ndizo baadaye zilizoilisha bendi ya Mwandishi. Kwa neno moja la mkubwa aliyemjali, miaka kumi ya uhuru.

Mwaka 1973 wakaupiga upya wimbo huo kwenye "Head Hunters", mpangilio ukiwa wa Harvey Mason, na ukawa kitu kingine kabisa, polepole, mzito. Mwanzoni mwake utasikia mluzi wa ajabu unaopokezana na sauti ya mtu. Ni Bill Summers anapuliza chupa ya bia. Lakini wazo halikuwa lake. Ni namna ya kupiga filimbi na kuimba kwa kupokezana ya Wababenzele, watu wa misitu ya Afrika ya Kati, iliyokuwa imerekodiwa na watafiti na kutolewa kwenye santuri miaka ya 1960. Summers alikuwa amesomea muziki wa mataifa, alijua alikoutoa. Miaka ikapita, mwaka 1994 Madonna akakichukua kipande cha rekodi ile kwenye wimbo wake, na haki ikatajwa kwa Hancock. Wababenzele hawakupata kitu.

Ninaipenda bendi hii kuliko bendi yoyote ya nje, na bado nasema hapo hawakutenda haki. Mtu yule yule aliyelindwa na ushauri wa mkubwa wake hakumlinda aliyekuwa mbali na asiye na kampuni. Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Tunachukua mdundo wa ngoma ya bibi fulani wa Mtwara au Dodoma, tunauita "wetu", jina lake halionekani popote. Kama umejifunza kwa mtu, liandike jina lake. Kama kuna malipo, mpelekee.

Ila katika albamu hiyo hiyo kuna mfano mzuri pia. Watunzi wa "Chameleon" wameandikwa wanne: Hancock, Jackson, Mason na Maupin. Mwenye jina kubwa angeweza kuandika lake peke yake, kama ilivyo desturi ya viongozi wengi wa bendi hapa mjini. Nyinyi fanyeni hivi: siku wimbo unapokamilika, kabla watu hawajatoka mazoezini, toeni karatasi, andikeni nani ametunga nini, wote watie sahihi, pigeni picha kwa simu. Kisha pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili. Siku hiyo hiyo. Wimbo ukishavuma, kumbukumbu za watu hubadilika.

"Head Hunters" iliuza zaidi ya nakala milioni moja, ikafika kiwango cha platinamu. Na hapo maneno yakaanza: ameuza sanaa, ameiacha jazz, anapigia watu wa disko. Mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Mtasikia maneno ya namna hiyo na nyinyi. Ukipiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, hotelini Masaki, wa dansi watasema umekuwa redio. Ukipiga dansi, wa Bongo Fleva watasema umezeeka. Ushauri wangu ni kwamba kopi ni shule nzuri sana kwa miaka miwili mitatu. Utajifunza nyimbo mia mbili, utajifunza kumfuata mwimbaji asiye na mazoezi, utalipwa kwa wakati. Baada ya hapo anza kutenga usiku mmoja kwa wiki wa muziki wenu wenyewe, hata kama ni kwa watu kumi na wawili chini ya mwembe. Nimekaa hotelini mfululizo miaka sita bila usiku huo, na ilinichukua muda mrefu kuirudisha sauti yangu.

Urithi wa bendi hii umeenea kuliko wengi wanavyojua. Wanamuziki wale walirekodi pia bila Hancock, "Survival of the Fittest" ya mwaka 1975, na wimbo wake wa kwanza, "God Make Me Funky", umekatwa vipande na watayarishaji wa hip hop kwa miongo mingi. Hancock akaja kutoa "Rockit" mwaka 1983, sauti ya kukwaruza santuri ikaingia nyumba ambazo hazikuwahi kuisikia. Paul Jackson akahamia Japani, akaishi huko miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2021.

Kwetu pia walikuwepo watu waliokuwa wakitafuta njia hiyo hiyo wakati ule ule, na inaniuma kwamba kijana anamjua Hancock hamjui Patrick Balisidya. Balisidya na Afro 70 walichanganya mapigo ya Kigogo ya kwao Dodoma na magitaa ya umeme. Wakaenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, mwaka 1977. Alifariki mwaka 2004. Halafu kuna Sunburst, vijana wa Dar waliopiga fanki na roki kwa Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao "Ave Africa" ni ya mwaka 1976, ikasahaulika kabisa, na mwaka 2016 kampuni ya nje ikaitoa upya. Itafuteni. Isikilizeni kama mlivyoisikiliza "Chameleon", drams peke yake, kisha besi, kisha mahali palipo wazi. Na kama kuna mzee mtaani kwenu aliyewahi kupiga miaka hiyo, nendeni mkamsalimie wakati bado yupo, mchukue maandazi, mkae chini.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, tukiwa katikati ya mazoezi. Jenereta haikuwa na mafuta. Binti wa tumba, mgeni, ana wiki ya tatu tu, hakusimama. Mpiga drams akaendelea naye. Mpiga besi akaanza kuiimba besi yake kwa mdomo, na kijana wa saksafoni akaokota chupa tupu ya soda akapuliza juu yake, pumzi moja, sauti moja, pumzi moja, sauti moja. Mimi kinanda changu kilikuwa kimezimika, nikaweka mikono mapajani, yote miwili. Watoto wa jirani wakaingia getini, kwanza wawili, baadaye kama kumi, wakaanza kucheza kwenye vumbi. Nilimtazama binti wa tumba: alikuwa haangalii mikono yake tena, anaangalia miguu ya wale watoto, na akipunguza wanapunguza, wakiongeza anaongeza.

Mazoezi yajayo ni Alhamisi saa kumi. Mpiga besi anayekuja kujaribiwa aje na waya wake, wa kwetu umekatika.